Sita na Tisa Katika Redio

Zichukueni namba sita na tisa mkazitamke polepole. Namba hizi zina irabu zilezile mbili, i na a, na tofauti yake yote imo katika konsonanti s na t, ambazo zimebadilishana nafasi. Mtu akizungumza nawe uso kwa uso huwezi kuzichanganya. Lakini katika redio ya mawimbi mafupi, sauti ikitoka ng'ambo na kupita juu ya nchi na bahari, irabu hufika zimesimama, maana zina nguvu, na konsonanti hufika zimelala. S ni pumzi tu ipitayo kwenye meno, na mvumo wa redio nao ni kama pumzi. T ni mpasuko mdogo, na mikwaruzo ya radi nayo ni mipasuko. Basi msikilizaji hupata i na a, na namba yenyewe huikisia.

Jambo hili si mchezo kwa mtu kama baba yangu mkubwa, ambaye amepita umri wa miaka themanini na anakaa kwetu upande wa Kakamega. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, na ukarani haukumtoka alipoacha kazi. Kila jioni husikiliza habari za Kiswahili kutoka ng'ambo na kuandika katika daftari: mapatano yaliyotiwa sahihi, idadi ya watu waliopatwa na mafuriko, bei ya kahawa na ya mafuta, mkubwa fulani aliyefariki na umri wake. Mtindo huu aliuanza ujanani. Matangazo ya Kiswahili ya BBC yalianza kutoka London mwaka 1957, na ya Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963, naye huzitaja tarehe hizo kama wengine watajavyo siku ya harusi yao. Madaftari yake yamejaza sanduku la bati.

Nilipomtembelea wakati mmoja nikafungua daftari la karibuni, niliona jambo lililonihuzunisha. Mwandiko ulikuwa bado mzuri, wa kulala kidogo, kama tulivyofundishwa. Lakini karibu na kila namba palikuwa na alama ya kuuliza. Watu 60, alama ya kuuliza. Asilimia 9, alama ya kuuliza. Mahali pengine ameacha nafasi tupu. Watoto wa nyumbani waliniambia kwa sauti ya chini ya kuwa mzee hasikii tena, na kwamba redio ile sasa ni ya kumlaza tu. Yeye mwenyewe hakubisha. Mtu aliyekuwa akibishana na mameneja juu ya senti moja ya kilo ya kahawa, leo anakubali kuambiwa hasikii! Hilo ndilo lililonifanya nirudi nyumbani nikitafuta dawa.

Najua wako watakaouliza kwa nini asipewe simu ya kisasa ambayo huleta habari bila mvumo. Amepewa. Imo kabatini. Mtandao kwake hufika ukitaka, vifurushi huisha katikati ya habari, na kioo chake hakisomeki kwa macho yake. Redio ni kifundo kimoja cha kuzungusha, na mikono yake inakijua hata gizani.

Lakini ni kweli pia ya kuwa mawimbi mafupi si yale ya ujana wake. Mtambo wa BBC uliokuwa Ushelisheli, ambao ulirusha matangazo kuelekea kwetu tangu mwaka 1988, ulifungwa mwaka 2014. Mtambo wa Deutsche Welle wa Kigali ukafungwa mwaka 2015. Mitambo hiyo ilikuwa jirani, na jirani hahitaji kupiga kelele. Tena majumba yetu yenyewe yamejaa wachafuzi: chaja za simu, taa za bei rahisi, vile visanduku vya kurekebisha umeme wa jua. Kila kimoja hutoa mvumo wake. Sikio la mzee limezeeka, hilo ni kweli, lakini redio nayo imezeeka, na mazingira yamezidi kuwa na ghasia. Haikuwa haki kulitia lawama sikio peke yake.

Sasa nieleze kidogo habari ya sauti, maana bila hiyo mtu hulehemu kama kipofu. Sauti ni mtetemo, na unene au wembamba wake ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde. Maneno ya binadamu, kwa kadiri ya kueleweka, yamo hasa kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde. Watu wa simu za waya walilitambua hilo zamani, wakaijenga simu ipitishe sehemu hiyo tu, na sote tumewahi kutajiana namba za fedha kwa simu na kuelewana. Yaliyo chini ya 300 ni ngurumo, na ngurumo ina ubaya wa pekee, kwa kuwa sauti nene hufunika nyembamba zilizo juu yake hata zisisikike. Yaliyo juu ya 3,400 yana uzuri wake katika muziki, lakini katika redio ya mawimbi mafupi iliyo dhaifu huko juu hujaa mvumo na mluzi. Na sikio la mzee kwa kawaida hupoteza kwanza sauti zile nyembamba.

Basi shabaha ikawa wazi: kuweka kati ya redio na sikio kitu kama chekeche la unga, kipitishe maneno na kuzuia makapi. Kitu hicho hakikubuniwa jana. Mwaka 1915 George Campbell huko Marekani na Karl Willy Wagner huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walivumbua machujio ya umeme kwa kazi ya simu, ili mazungumzo mengi yaweze kupita katika waya mmoja bila kuingiliana. Baadaye wapenda redio wa Marekani waliokota koili zilizotolewa katika nyaya kuukuu za simu, za milihenri 88 kila moja, wakatengeneza nazo machujio mezani kwao. Ukiiunganisha koili moja ya namna hiyo na kapasita ya mikrofaradi 0.47, hupenda mtetemo wa karibu 780 kwa sekunde na kuudharau mwingine, nao waliutumia kusikiliza alama za Morse. Koili hizo sisi hatuna, na Morse si haja yetu. Nimeitaja habari hii ili msomaji ajue ya kuwa fundi wa nyumbani tangu zamani ameishi kwa masalio ya kampuni kubwa.

Masalio yetu sisi ni televisheni zilizokufa. Katika sehemu inayopokea umeme, karibu na mahali waya wa ukutani unapoingia, aghalabu utaona duara jeusi lililozungushiwa waya wa shaba katika mizingo miwili. Kila mzingo mara nyingi huwa na milihenri chache. Ukiiunganisha mizingo yote miwili ifuatane kwa mwelekeo mmoja, nguvu yake huwa si mara mbili bali mara nne. Nilimwomba fundi wa sokoni mwenye kipimo anipimie kadha, nikapata mbili zilizokaribia milihenri 4.7, kipimo ambacho pia huuzwa madukani katika kijiti kidogo. Naomba sana mtu yeyote asifungue mashine ya namna hii ikiwa ndiyo kwanza imechomolewa. Kapasita kubwa iliyomo huweka umeme wake kwa muda, na umeme huo hauulizi kama wewe ni mwanafunzi au bwana.

Hedfoni nazo zahitaji neno. Hedfoni za sasa za kawaida zina omu 32 kwa kila sikio. Waya wake una njia tatu: ncha kwa sikio la kushoto, pete kwa la kulia, na shina kwa yote mawili. Mimi hulitumia njia ya ncha na pete tu, shina nikaliacha, hivyo umeme hupita sikio la kwanza kisha la pili, na mzigo huwa omu 64. Kwa njia hii masikio mawili huvutwa kinyume, moja mbele na moja nyuma, na sauti huonekana kama imetoka chumbani badala ya kukaa katikati ya kichwa. Wengine hawaipendi. Baba mkubwa aliipenda mara moja, akasema ya kuwa mtangazaji sasa amepewa kiti.

Chujio lenyewe ni hili. Kutoka kwenye tundu la hedfoni la redio, kwenye ncha, weka kwanza rezista ya omu 47, kisha kapasita ya mikrofaradi 4.7 isiyochagua upande wa chanya na hasi. Hiyo ndiyo izuiayo ngurumo, na mpaka wake ni karibu mitetemo 280. Kisha koili ya milihenri 4.7. Baada ya koili, kutoka hapo mpaka waya wa shina la redio, weka kapasita ya mikrofaradi 1, na juu ya kapasita hiyo ndipo hedfoni zinapounganishwa. Koili huzuia mitetemo ya haraka isipite, na ile iliyopenya kapasita huirudisha ilikotoka. Mpaka wa juu huwa karibu na mitetemo 3,200. Sauti ya mitetemo 5,000 hubaki na kama theluthi ya nguvu yake ya volti au zaidi kidogo, na ya 10,000 hubaki na sehemu ya kumi. Vyote nilivitia katika kopo la bati la mafuta ya kujipaka, bati likaungwa na shina. Gharama, ukiacha hedfoni, haikufika shilingi mia mbili.

Jioni ya kwanza niliketi naye, yeye na daftari lake, mimi na karatasi yangu, na waya ukigawanywa ili tusikie wote wawili. (Kwa kujaribu tu, hedfoni mbili pamoja hubadilisha mzigo, na chujio hupoteza adabu kidogo.) Habari zilipokwisha tulilinganisha. Sikupata namba zote mimi mwenyewe, lakini zile nilizopata mimi, yeye alizipata isipokuwa mbili. Alinyamaza kwa muda akizitazama. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe yule bwana hajaacha kusema."

Nilitamani kujua kama tukikata zaidi tutapata zaidi. Kesho yake niliondoa kapasita ya mikrofaradi 1 nikatia ya 2.2, na mpaka ukashuka karibu na mitetemo 2,000. Redio ilitulia kama usiku wa manane. Mvumo ulikwisha, mluzi ulikwisha, na nilijisifu moyoni. Mzee alisikiliza kwa dakika tano akavua hedfoni. "Imetulia," alisema, "lakini sasa huyu bwana anasema kama aliyejifunika blanketi." Na daftarini sita na tisa zilikuwa zimeanza tena kupata alama za kuuliza. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya s na t imo huko juu, pamoja na mvumo wenyewe, kama ngano na magugu katika shamba moja. Ukifyeka yote utapata shamba safi lisilo na mavuno. Katika 3,200 s hubaki na kidogo cha kuitambulisha. Katika 2,000 hubaki jina lake tu. Nilirudisha kapasita ya kwanza, na tangu siku hiyo siamini mtu anisifiaye chombo kwa utulivu wake kabla hajaniambia amesikia neno gani.

Kitu cha pili kilihusu radi, na hiki nakiona kuwa kikubwa kuliko chujio lenyewe. Sisi tulio pande za Ziwa Viktoria twajua ngurumo zetu. Mvua kubwa za radi juu ya ziwa aghalabu hufanyika usiku, saa zilezile za kusikiliza habari, na radi iliyo mbali sana hata huioni hupiga katika hedfoni mlio wa kushtua. Mzee mwenye sikio hafifu huongeza sauti apate kusikia neno, na hapo ndipo mlio humkuta kifundo kikiwa juu kabisa. Sikio lililobaki na kidogo halifai kupigwa makofi.

Dawa yake ni diodi mbili ndogo za silikoni, zile zenye alama 1N4148, zikiunganishwa pamoja lakini zikielekea kinyume, moja huku na moja kule. Huwekwa kabla ya koili, kutoka waya wa sauti hadi shina. Diodi ya silikoni haipitishi umeme wa maana mpaka volti zifikie kama 0.6. Sauti ya kawaida ya kusikiliza katika hedfoni haifiki hapo, kwa hiyo hupita bila kuguswa. Mlio wa radi ukija na volti 2, diodi hufunguka na kuumeza uliozidi, na rezista ya omu 47 huilinda redio isione kama imefungiwa njia. Mlio bado husikika, lakini kama mlango uliofungwa kwa nguvu, si kama bunduki. Mama mkubwa, aliyekuwa akimwona mumewe akiruka kitini, ndiye aliyetambua kwanza ya kuwa siku hizi haruki. Hata hivyo diodi hizi hulinda sikio tu. Mwenye waya wa nje uliofungwa mtini na autoe kabisa radi ikikaribia, wala asidhani ya kuwa vijidude viwili visivyofika ukubwa wa punje ya mchele vitamwokoa.

Tulikuwa pia na mluzi. Vituo vya mawimbi mafupi hupangwa kila baada ya kilohezi 5, na kituo kimoja kikiingia katika eneo la jirani yake, tofauti yao hulia kama filimbi ya mitetemo 5,000 kwa sekunde. Chujio huupunguza mluzi huo, lakini mluzi ni kama mbu, akiwa mmoja tu yatosha kukunyima usingizi. Ile koili yangu ya pili ya milihenri 4.7 niliifuatanisha na kapasita ya mikrofaradi 0.22, nikaviweka pamoja kutoka waya wa hedfoni hadi shina. Viwili hivi hupatana katika mitetemo 4,950 au karibu yake, na mluzi ukifika hapo huona njia rahisi ya kutoroka usiingie sikioni. Kwa kuwa mtego huu nao huongeza uzito kwenye kapasita iliyopo, ile ya mikrofaradi 1 niliibadilisha nikatia ya 0.68, mpaka ukabaki pale pale.

Mambo ya kushona nilimwachia mama mkubwa. Hedfoni za dukani zilimbana mzee na kumtoa jasho, akawa anazivua kila mara. Mama mkubwa alikata sifongo ya godoro kuukuu duara mbili zenye tundu katikati, akazivika kitambaa cha leso laini. Kazi hii ndogo ilisaidia kuliko nilivyotazamia, kwa sababu kelele za nje, za mbuzi na za wajukuu, zilipungua, na mzee akaweza kuteremsha sauti ya redio. Naye mama mkubwa, ambaye hulala mapema, kwa mara ya kwanza tangu aolewe analala wakati wa habari.

Lakini nisije nikawauzia wasomaji kopo la bati kama dawa ya kila ugonjwa. Mvumo wa chaja au wa kisanduku cha umeme wa jua umo ndani ya eneo lilelile la maneno, na hakuna chujio la namna hii liwezalo kuutenga. Kwa hao dawa ni kuwazima, au kuibeba redio na kwenda nayo mbali. Sisi tulipima kwa miguu: hatua ishirini kutoka kwenye ukuta wenye kisanduku, karibu na mwembe, habari zilisikika vizuri kuliko ndani ya nyumba na chujio. Sasa kisanduku huzimwa saa ya habari, na vijana wanaotaka kuchaji simu zao wameambiwa wangoje. Wamelalamika, nao wamengoja.

Wala chombo hiki hakiongezi nguvu ya kituo kilichofifia. Mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba vituo vya ng'ambo hubadili masafa yao kufuata majira, na baba mkubwa hukaa jioni mbili au tatu akikizungusha kifundo polepole, masafa baada ya masafa, hedfoni za leso kichwani. Hataki nimsaidie. Akikipata kituo huandika namba yake katika ukurasa wa kwanza wa daftari.